Aliyekufa Vitani Akumbukwe Wapi?

Msikilizaji, baada ya taarifa ya habari, leo natazama askari aliyejiandikisha akiwa kijana na hakurudi. Februari 12, 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Baadhi ya abiria walikuwa ndani wakisikiliza muziki. Ilizama kwa dakika chache tu. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Sasa, kwa nini jambo hili lituguse sisi wa Kitale na Bungoma? Kwa sababu huku vijana waliingia jeshini kwa wingi. Na tusisahau: baada ya vita vya kwanza, kuanzia 1919, wanajeshi Wazungu waligawiwa mashamba ya Trans Nzoia. Lakini Mwafrika aliyetoka Burma salama baada ya vita vya pili hakutengewa hata ekari moja hapo. Hilo linauma mpaka leo.

Upo upande wa pili. Mshahara wa jeshi ulilipa mahari, na wengine walirudi wakijua udereva. Tena waliozama wana mnara wao Nairobi, barabara ya Ngong. Ni heshima, sikatai. Lakini mjukuu aliyeko Malakisi, Bungoma, mwenye picha moja tu ya babu akiwa amevaa kofia ya jeshi, mnara huo unamfaa nini?

Basi swali langu kwa kaunti za Trans Nzoia na Bungoma: nani atapita vijijini kuyaandika majina, kabla wazee wanaoyakumbuka hawajatuacha?