Benchi la Fundi

Pita katika mitaa ya mji wa Bariadi, kuanzia Somanda hadi njia ya kwenda Lamadi, utawakuta vijana wakiranda mbao kwenye kivuli cha mwarobaini. Randa ni nzuri, msumeno unakata, na mikono ina ujuzi. Lakini hebu tazama kile wanachofanyia kazi. Mara nyingi ni mbao mbili zilizogongelewa juu ya magogo, zimebonyea katikati, na kila fundi akisukuma randa benchi nalo linasogea.

Wengine watasema hilo ni jambo dogo. Sivyo. Mwaka 2016, Serikali ilipoagiza shule zipate madawati baada ya elimu bila ada kujaza madarasa, kazi iliingia hata kwenye karakana za uani. Kazi ya namna hiyo inataka madawati hamsini yanayofanana. Fremu ikiungwa juu ya uso uliopinda, nayo inatoka imepinda. Dawati linasimama kwa miguu mitatu, mkaguzi analikataa, na hasara inabaki kwa fundi na watoto wake.

Sasa, uso wa benchi upatikane wapi kwa bei nafuu? Huku kwetu swali hili lina historia yake. Usukumani tulifyeka miti kwa sababu ya mbung'o, tukafyeka tena kwa ajili ya pamba na malisho, hata mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI wa kuhifadhi ardhi ya Shinyanga, wakati ambapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado ndani ya mkoa huo. Mkoa wa Simiyu ulipozaliwa mwaka 2012 ulirithi mashamba ya pamba na ngitili, haukurithi misitu ya mninga. Mbao nyingi tunazozitumia zimesafiri, na nauli yake analipa mnunuzi.

Kwa hiyo mninga na mkongo tuviweke kando. Ukibahatika kuwa na ubao wa mninga wa upana huo, tengeneza meza ya mteja, kisha nunua mbao za benchi lako na chenji ibaki mfukoni.

Wapo wanaochukua mlango wa zamani na kuulaza juu ya miguu. Mlango wa flashi una uwazi ndani. Nyundo ikipiga mara mbili tatu, unatoboka. Marine bodi, ile wanayotumia wajenzi kumwagia zege, ni bora zaidi, lakini kipande kimoja hucheza. Vipande viwili vilivyobandikwa kwa gundi na skrubu hutulia. Zege lenye nondo ni zuri kwa fundi wa mabati na wa pikipiki. Kwa seremala ni adui, kwani patasi ikiteleza mara moja makali yamekwisha.

Nimewahi kusikia pia ushauri wa kutafuta mataruma na vipande vya reli. Reli yetu inapita Malampaka, wilayani Maswa, na mataruma yake mengi ni ya chuma. Ndugu yangu, mali ya reli iache relini. Atakayekuuzia usiku hatakuja kukutetea mahakamani, na treni inayopita juu ya njia iliyonyofolewa imebeba watu.

Mimi ninazo njia mbili ninazozipendekeza. Ya kwanza ni mbao za bodi la lori kuukuu. Gari likibadilishwa bodi, mbao zake huuzwa kwa bei ya kuni, nazo zimekwisha kukauka kwa miaka ya jua na mizigo. Kagua misumari na bolti zilizovunjikia ndani kabla hujapitisha randa, la sivyo utalia.

Ya pili ni mbao za kawaida za msonobari, mbili kwa nne. Nunua sita za futi kumi na mbili, zikate katikati upate vipande kumi na viwili. Usizilaze, zisimamishe kwa ubavu, zibandikane kama kurasa za kitabu. Utapata uso wa futi sita, wenye upana unaokaribia futi mbili na unene unaokaribia inchi nne. Msonobari ni laini, ni kweli, lakini kwa unene huo hautikisiki, na ukichakaa unauranda upya kwa miaka. Jiliwa za kubania huna? Gongomea vipande vya mbao pande zote mbili juu ya sakafu ya magogo, paka gundi, kisha kaza kwa kabari, ukisaidia na vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyovutwa kwa nguvu. Iache usiku kucha.

Ukingo wa mbele, unaopigwa zaidi, weka mjohoro. Mti huu tunao majumbani, moyo wake ni mgumu na mchwa hauupendi. Vumbi lake ndilo baya, linawasha macho na pua, funga kitambaa. Mkaratusi nao upo, ila ukiutumia mbichi utapasuka na kujikunja. Upange kivulini, vijiti katikati ya kila ubao, miezi kadhaa, bila haraka.

Popote unaponunua, dai risiti, na ukisafirisha mbao hakikisha una hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Wakala wa Huduma za Misitu hawaulizi kama ni za biashara au za benchi.

Uso wa benchi usipake mafuta ya pamba ati kwa kuwa tuko Simiyu; yanakauka polepole mno, yananata na kushika vumbi. Oili chafu ipake miguuni tu kwa ajili ya mchwa, maana juu itachafua kila kazi ya mteja. Pigilia silingbodi juu ya uso, na ikichakaa ibandue uweke nyingine. Miguu ifungwe kwa bolti, maana misumari hulegea, na kimo kifike penye kifundo cha mkono wako ukisimama wima.