Rufaa Haimngoji Mtu
(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, Ganjoni)



Mwenzetu akishindwa kortini, watu humwambia, "Usijali, rufaa ipo." Kweli ipo, lakini haimngoji mtu.

Sisi watu wa Pwani twaijua hasara ya kuchelewa. Sheria ya ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wapeleke madai yao. Ardhi isiyodaiwa ikawa mali ya Serikali ya Kiingereza, na wajukuu wengi wakawa maskwota.

Hata wakubwa hawasamehewi. Katika kesi ya ugavana wa Mombasa, baina ya Bwana Joho na Bwana Shahbal, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2014 kwamba siku 28 za kupinga uchaguzi huanza matokeo yanapotangazwa, si yanapochapishwa katika Gazeti la Serikali. Bwana Shahbal akawa amechelewa.

Na sisi wafanya kazi je? Watumishi wawili wa serikali walifukuzwa mwaka 2010. Wakangoja kwanza kesi yao ya jinai, wakaachiliwa, ndipo wakadai haki yao. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikasema miaka 3 imekwisha, kwani ilianza siku ile walipofukuzwa.

Basi ukifukuzwa, usikae barazani kungoja tajiri alainike. Lete barua yako ofisini siku ile ile. Na ukishindwa katika Mahakama ya Kazi, taarifa ya rufaa ni siku 14 tu.

Ngoja ngoja huumiza matumbo.