Alimtoa Kwanza Kwenye Kelele

Masomo: Marko 7:31-37; Marko 9:14-29; Mathayo 4:24

Mwenye Biblia afungue Marko sura ya 7, kuanzia mstari wa 31. Leo sitahubiri kwa sauti ya juu. Sababu mtaiona.

Watu wanamletea Yesu mtu kiziwi, tena ulimi wake ni mzito. Wanamwomba jambo moja tu, amwekee mkono. Ndivyo tunavyoomba sisi pia: mkono juu ya kichwa, mbele ya watu, kila mtu aone. Lakini angalieni Yesu anaanzia wapi. Anamshika mtu yule, anamtoa katikati ya makutano, wanabaki pembeni peke yao. Halafu anamgusa masikio, anamgusa ulimi, anainua macho mbinguni. Mtu asiyesikia anaelezwa kwa vidole na kwa macho jambo linalotaka kufanyika. Neno la kinywa linakuja mwisho, tena ni neno moja.

Habari hii nimeihubiri mara nyingi. Mstari wa kumtoa kwenye kelele nilikuwa naupita mbio, nifike kwenye muujiza. Aliyenirudisha nyuma ni mama mmoja wa Lubunga.

Mama huyu alivuka mto na mtumbwi, akatuletea kijana wake wa miaka mitano. Mtoto hasemi. Ukimwita jina hageuki, lakini ukifungua paketi ya biskuti chumba cha pili, anakuja mbio. Mchana kutwa anazungusha kifuniko cha sufuria chini, anakitazama tu. Kwenye familia ya baba walikuwa wameanza kusema ni ndoki. Tukamweka kwenye mkesha, usiku tatu. Vipaza sauti viwili, waombaji wengi, kila mtu ananena kwa lugha. Mtoto akaziba masikio, akalia, akajigonga kichwa ukutani. Sisi tukasema pepo limeona moto, ongezeni maombi. Na mwenye mikro mkononi nilikuwa mimi.

Asubuhi ya mwisho mama akaniambia polepole, bila hasira: «Mchungaji, huyu mtoto anaogopa kelele tangu akiwa mchanga. Hata mvua ikipiga mabati, analia. Hakuna mtu aliyeniuliza.»

Hakuna mtu aliyeniuliza. Wapendwa, neno hilo lilinichoma kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia. Nilikwenda nyumbani kwake kumwomba msamaha. Leo naomba msamaha tena mbele yenu, kwa sababu kosa lile nililifanya mbele ya watu.

Sasa tazameni Marko 9. Baba analeta kijana wake anayeanguka, anatoa povu, anakaza meno. Wanafunzi wamejaribu, wameshindwa, na waandishi wanabishana nao. Yesu anapofika, kabla ya kukemea, anamwuliza baba jambo hili limempata mtoto tangu lini. Baba anaeleza: tangu utoto, mara nyingi motoni, mara nyingi majini. Mtu ataniambia, mchungaji, yule kijana alikuwa na pepo. Ndiyo, ndivyo Marko anavyoandika, nami naamini pepo wapo na jina la Yesu linawatoa. Lakini yeye anayejua yote aliuliza. Sisi tusiojua tunaanza kwa kupiga kelele.

Tena someni Mathayo 4:24. Mathayo anapotaja wagonjwa walioletwa kwa Yesu, anawataja wenye pepo, halafu wenye kifafa, halafu waliopooza. Hakuwafunga wote kwenye kamba moja. Kwa nini sisi tuwafunge?

Hali ya kijana yule ina jina. Madaktari wanaiita otismi; wenzetu wa Tanzania na Kenya wanasema usonji. Si laana, si ndoki, si mama kula kitu kibaya akiwa na mimba. Ni ubongo unaokua kwa njia yake tangu mwanzo, kabla mtoto hajajua kutembea. Mtoto wa namna hii anaweza kuchelewa kusema, au kusema maneno machache halafu kuyapoteza. Hakuonyeshi kitu kwa kidole. Anarudia jambo moja lile lile. Njia ya kwenda shule ikibadilika anaanguka chini kwa kilio. Sauti ndogo kwetu kwake inaweza kuwa kama risasi. Wengine hawasemi kamwe, wengine wanasoma mpaka univasite. Si jambo la nchi yetu tu: Shirika la Afya Duniani lilipopiga hesabu ya mwaka 2021, lilikuta karibu mtu 1 kwa kila watu 127. Hesabu hiyo ukiileta kwenye kanisa la watu mia tano, ni watu wanne hivi. Wako wapi? Wengine wamefichwa nyumbani Siku ya Bwana, kwa sababu mama anaona haya.

Na msidhani ni Waafrika peke yao walioikosea hali hii. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, kule Baltimore Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hiyo. Baada yake wasomi wakubwa wakasema kosa ni la mama, eti moyo wake ni baridi, hampendi mtoto. Akina mama wakabeba mzigo huo miaka na miaka. Mmoja wa waliouvunja alikuwa baba, Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwana wake mwenyewe alikuwa na usonji. Mwaka 1964 alitoa kitabu kuonyesha kwamba ni jambo la mwili, la ubongo, si la mapendo ya mama. Kwa hiyo wasomi walimshitaki mama kwa vitabu vyao, sisi tukamshitaki mtoto kwa ndoto zetu.

Kwetu mashitaka hayo yanaweza kumtupa mtoto barabarani. Mmewaona watoto wanaolala sokoni. Ulizeni wangapi waliondoka nyumbani kwa neno la nabii. Kila mtumishi wa Mungu anisikie hapa. Katiba ya nchi yetu, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inasema anayefanya hivyo anafungwa mwaka mmoja mpaka mitatu, na faini ya franka za Kongo 200.000 mpaka 1.000.000. Lakini ukimwogopa jela tu na humwogopi Mungu aliyemwumba mtoto huyo, bado hujaokoka vizuri.

Wengi mtauliza: basi twende wapi? Swali hilo ni la haki, kwa maana kumwambia mama «tafuta mtaalamu» bila kumwonyesha njia ni kama kumwambia mwenye njaa aende kwa amani. Katika mji wetu wataalamu wa jambo hili si wengi. Lakini si kweli kwamba hatuna kitu. Univasite yetu ilianzishwa na makanisa ya Kiprotestanti mwaka 1963, na mpaka leo UNIKIS ina fakulti ya saikolojia na elimu. Wanasaikolojia wanafundishwa hapa hapa kwetu, wengine wanakaa nawe kwenye komini moja, Mangobo au Kabondo, na hujui kazi yao. Wengine wamo kanisani mwetu, wanaimba kwaya, na hatujawahi kuwauliza neno.

Anza na masikio. Mtoto asiyesema, kwanza ajulikane kama anasikia. Mpeleke kwa daktari wa watoto, kwenye hospitali kubwa ya Makiso au Kliniki za Univasite, omba wachunguze kusikia, na useme wazi kama aliwahi kupata malaria kali ya kichwa au kama anaanguka kifafa. Watoto wengi wenye usonji wana kifafa pia, na kifafa kina dawa. Usimwachishe mtoto dawa kwa sababu umemwombea. Dawa kama hiyo ukiikata ghafla inaweza kumwua. Mwombee, na kidonge ameze.

Kabla ya kwenda, chukua daftari la shule. Andika alianza kukaa lini, kutembea lini, neno la kwanza lini, nini kinamliza, nini kinamtuliza. Kama jirani ana simu nzuri, akuchukulie video ya dakika mbili mtoto akicheza nyumbani, kwa sababu mbele ya daktari mtoto anaweza kujikunja asionyeshe kitu. Hilo daftari ndilo jibu la swali la Yesu, tangu lini. Ukilifikisha mezani hata daktari mwenye haraka atasimama kidogo.

Halafu omba akuelekeze kwa mwanasaikolojia, au kwa mtu anayefundisha watoto kusema. Nawe usiogope kumwuliza maswali. Umesoma wapi? Umeshafanya kazi na watoto wasiosema? Mimi mzazi nitakuwa ndani ukiwa naye? Utanifundisha la kufanya nyumbani? Mtu mwema hakasiriki kwa maswali hayo. Hatakuahidi kwamba mtoto atasema baada ya mwezi. Hakuna dawa ya kuondoa usonji, na anayekuuzia dawa hiyo anakuibia, awe amevaa blauzi nyeupe au suti ya mchungaji. Akimpiga mtoto, akimfunga kamba, akimnyima chakula, akitaka umwache kwake usiku, mchukue mtoto wako uondoke. Hata kama mtu huyo ni mimi.

Na siku unazosubiri, kazi inaanza nyumbani. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya wazazi kwa watoto wa namna hii, na msingi wake si mashine wala pesa nyingi; ni mchezo na kazi za kila siku. Kaa chini mahali mtoto alipo. Anazungusha kifuniko? Chukua chako, zungusha pamoja naye, mpaka akutazame. Sema maneno machache: «maji», huku umeshika kikombe. Usimpe mpaka afanye alama yoyote, hata kunyoosha mkono, halafu mpe upesi ufurahi naye. Kuoga, kula, kulala, vifuatane vile vile kila siku. Mama wa Lubunga alianza hivyo. Mtoto hajasema mpaka leo, sitawadanganya, lakini sasa anamshika mama mkono na kumpeleka kwenye mtungi. Mama alipotusimulia habari hiyo, alilia kuliko wale waliopata ndoa.

Neno moja juu ya mama mwenyewe. Eliya, 1 Wafalme 19, alichoka mpaka akaomba kufa. Mungu hakumhubiria kwanza. Alimwacha alale, akamtumia malaika na mkate na maji, akalala tena, akala tena, ndipo baadaye wakaongea. Mama asiyelala miaka mitatu, ambaye mume ameondoka na mama mkwe hamsalimu, hana imani haba, amechoka. Naye anahitaji mtu wa kumsikiliza, mshauri aliyejifunza kusikiliza na anayetunza siri. Hapa tumekosa sana sisi wachungaji: mama anatuambia siri yake Jumatano, Siku ya Bwana anaisikia kwenye mahubiri. Kwa hiyo wengi wamenyamaza. Na mama akikuambia anataka kufa, au anaona heri afe na mtoto wake, usimwambie anyamaze na usimwache peke yake hata saa moja. Mfuateni mtu mwingine, mwende naye hospitalini siku ile ile.

Hapa kwetu wazee wa kanisa wamekubali mambo machache. Mtoto wa namna hii hawekwi tena kwenye mkesha. Tunamwombea kwao, watu wawili au watatu, kwa sauti ndogo, baada ya kumwuliza mama. Vipaza sauti vya nyuma vimezimwa, na viti vya karibu na mlango ni vya familia hizo, ili mtoto akichoka atoke na arudi bila macho kumfuata. Sadaka ya Siku ya Bwana ya mwisho wa mwezi italipa mtumbwi na toleka kwa wanaokwenda kwa daktari. Akina mama wa idara watapokezana kukaa na mtoto saa mbili, mama alale. Mwanasaikolojia au mwalimu anayenisikia na anaweza kutoa nusu siku kwa wiki, aje aniambie, chumba kipo.

Tuombe. Baba, katika jina la Yesu, mkumbuke mama anayevuka mto kesho asubuhi na daftari lake chini ya kitambaa. Mtoto asiogope injini ya mtumbwi. Daktari awe na muda, na amwulize. Amina.