Kabla ya Kununua Mashine Nyingine ya Alizeti

(Maneno ya mratibu wa miradi ya dayosisi kwa kamati za sharika)



Maombi mengi yanayofika ofisini kwetu yanafanana: usharika unaomba mashine yake wa kukamua alizeti. Tunaelewa. Kanda ya kati hupata mvua msimu mmoja tu, na alizeti huvumilia pale mahindi yanapokauka. Mahitaji yapo pia. Mwaka 2021 Serikali ilieleza kuwa nchi inahitaji tani 570,000 hivi za mafuta ya kula kwa mwaka, huku ikizalisha takriban tani 205,000.

Lakini mashine hizi hukamua miezi michache baada ya mavuno, kisha hulala kwa kukosa alizeti. Ukiweka ya pili jirani, zote mbili zinagombea magunia yale yale.

Tazameni soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, kwenye barabara kuu ya Dodoma na Morogoro. Mnunuzi huleta lori kwa sababu anajua mzigo ataupata. Penye wanunuzi hufuata wenye maghala, wapakiaji, wauza magunia, nyumba za wageni, na mama lishe ambao hakuna andiko la mradi linalowataja. Hili ndilo wataalamu wanaliita kongano: biashara zilizo karibu, zinazopeana kazi.

Kwenye alizeti yetu, kinachokosekana ni vile vitu vya katikati. Mbegu bora ifike kabla ya mvua. Mizani ya haki iwepo, ili mkulima asiuze kwa lumbesa. Wakamuaji wawe na chujio la pamoja, na mafuta yao yapate alama ya TBS. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, huwasaidia wajasiriamali wadogo katika njia hiyo. Hata mashudu: mnunuzi mkubwa wa chakula cha mifugo hafuati magunia matano, anafuata lori zima.

Kongano halizuii kila hasara. Mwaka 2023 bei ya alizeti ilianguka baada ya mafuta ya nje kuingia kwa wingi, na wakulima wetu hawapangi ushuru wa forodha. Ghala la pamoja lingewapa muda wa kusubiri, si hakika ya bei.

Wafadhili wapendwa, mashine hupigwa picha nzuri. Mizani na kikao cha wakamuaji havina picha, lakini ndivyo tunavyowaombeni mvichangie.

Kwa sharika: msimu huu tutaanza na maombi ya sharika mbili au tatu zilizokaa pamoja na mkamuaji aliyepo tayari eneo lao, awe Mlutheri au asiwe. Mleteni kwenye kikao, aseme mwenyewe mashine yake husimama miezi mingapi kwa mwaka, na kwa sababu gani.