Gari la Spoti la Mtumba: Shilingi ya Kwanza Iende Wapi?

Ndugu Mwenyekiti, ndugu mafundi, na ninyi wenzangu mliolipia ushuru juzi tu na bado hamjazoea bei ya tairi,

Nilipoombwa kutoa mada hii niliambiwa nizungumzie hatua za mwanzo za kuongeza uwezo wa gari la spoti. Kazi nimeikubali, ila nimeigeuza kidogo. Anayenunua gari la spoti lililotumika Japani anapewa gari la mtu mwingine. Mtu huyo hamjuani naye. Alikuwa na starehe zake na ubahili wake, na hatua za mwanzo mnazotaka kuzipanga leo huenda yeye alikwishazipiga zamani, na nyingine akaziacha njiani. Kwa hiyo swali la utaongeza nini linasubiri swali jingine: yeye aliongeza nini, na nini alikiona kimechoka akakiacha hivyo hivyo?

Nitazungumzia zaidi Subaru Impreza WRX. Ndilo gari ambalo wengi wenu mmekuja nalo leo, na ndilo lililonifundisha mimi kwa gharama zangu mwenyewe.

Kokoto ndani ya kopo

Gari langu lilikuwa la mwaka 2003, injini ya lita mbili yenye tabo, ambayo kiwandani ilitoka na nguvu za farasi 250. Nililipokea Dar es Salaam kwa mwagizaji mmoja, nikajaza petroli kwenye kituo cha kwanza nilichokiona, nikashika njia ya Arusha. Hadi Chalinze ilikuwa raha tupu. Baada ya Korogwe jua lilikuwa kali, malori yamepangana, nami nikawa nayapita moja moja. Kila nikikanyaga mafuta nikiwa gia ya nne, nilisikia mlio mwembamba, kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo la maziwa. Nikadhani kuna bati limelegea chini. Nikaongeza sauti ya redio.

Mombo nikasimama kula. Mzee mmoja fundi wa malori alikuwa amekaa karibu, nikamwamkia, akaitika, akaniuliza, "Mwanangu, hii gari umeitoa bandarini lini?" Nikamwambia jana. Akaomba nifungue boneti. Alitazama kimya kwa muda, kisha akagusa kidude cha shaba, kama nati yenye kichwa cha kuzungusha, kilichounganishwa kwenye mpira mwembamba unaotoka kwenye tabo. "Hiki hawakukiweka Wajapani wa kiwandani," akasema. "Amekiweka Mjapani wa mtaani."

Kilikuwa kidhibiti cha presha cha kuzungusha kwa mkono, na mwenye gari wa kwanza alikizungusha mpaka tabo ikawa inasukuma hewa nyingi kuliko ilivyopangwa. Kule kwake huenda hakupata shida. Fungueni kifuniko cha tangi cha magari haya, mtakuta kibandiko cha Kijapani kinachotaka petroli ya daraja la juu. Petroli hiyo kwa viwango vya Japani haishuki chini ya okteni 96, na vituoni huwa karibu na 100. Ya kwetu ya kila siku haijatengenezwa kufika huko. Okteni ikipungua na presha ikazidi, mchanganyiko wa hewa na petroli hauusubiri moto wa plagi uufikie wote; sehemu yake inalipuka yenyewe. Ndizo kokoto nilizozisikia. Gari lina sensa ya kusikiliza mlio huo, na kontroli boksi huchelewesha cheche ili kuupunguza, lakini ina mpaka wake. Kinachovunjika kwanza kwenye injini hizi ni kingo nyembamba za pistoni zinazoshika ringi.

Nilikiondoa kidude kile palepale, nikarudisha mpira kama unavyotakiwa, nikaendesha taratibu hadi nyumbani. Hilo ndilo likawa badiliko langu la kwanza kwenye gari la spoti: kufumua badiliko la mwingine. Nguvu zilipungua, na gari likawa zuri zaidi.

Mwinuko nao una hesabu yake, na mafundi wa Dar huwa hawana sababu ya kuufikiria. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, na hewa ya hapa ina mgandamizo wa karibu asilimia 85 ya ule wa pwani. Geji ikionyesha baa moja ukiwa Dar, tabo inaibana hewa ya nje mara mbili. Ukitaka geji isome baa ileile ukiwa hapa, italazimika kuibana zaidi ya mara mbili, izunguke kwa kasi zaidi na kuipasha hewa moto zaidi. Kwa hiyo kijana anayesema "weka presha ileile ya jamaa yangu wa Dar" anaomba kitu kingine kabisa bila kujua.

Kulisoma gari

Karatasi ya mnada itafutieni mtu wa kuisoma. Daraja la R au RA lina maana gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Herufi W kwenye mchoro wa bodi ni mahali palipopigwa putiya au kunyooshwa. Lakini karatasi haisemi kitu kuhusu kidude cha shaba. Kwa hilo tafuta mikono ya watu: boliti zilizochubuka kichwa, waya uliounganishwa kwa selotepu, geji iliyong'olewa kwenye dashibodi ikaacha tundu, springi zenye rangi isiyo ya kiwandani. Angalia pia ndani ya boneti na pembeni ya mlango. Magereji ya Japani hubandika kikaratasi kila yanapobadilisha taiming belti au oili, chenye tarehe na kilometa. Nimewahi kuona gari ambalo dashibodi inasema kilometa 78,000, na kikaratasi cha oili mlangoni, alichosahau kukibandua mjanja fulani, kinasema 131,000.

Kama kikaratasi cha taiming belti hakipo, hesabu kwamba haijabadilishwa. Kawaida yake ni kilometa 100,000, na ikikatika kwenye injini hii, vali na pistoni zinakutana. Badilisha belti pamoja na puli zake na pampu ya maji kwa wakati mmoja, kwani kufungua ni kulekule. Hii peke yake inaweza kumaliza bajeti ya mwezi mliyoipanga kwa ajili ya ekzosi. Poleni.

Kisha pimeni kompresheni. Hapa nina ugomvi mdogo na baadhi ya ndugu zangu mafundi wa Arusha. Kitabu cha gari kimeandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Geji yako ikisoma kama asilimia 15 chini ya kitabu, na silinda zote nne zikakaribiana, injini ni nzima. Usimwambie mtu avunje. Cha kuogopa ni silinda moja kuachana na wenzake. Tatu zikiwa sawa na moja ipo chini sana, hapo kaa chini na mwenye gari mzungumze kabla hajanunua hata stika.

Baadhi ya injini hizi, zaidi zile za miaka ya katikati ya 2000, zina kichujio kidogo sana cha wavu ndani ya boliti inayopeleka oili kwenye tabo. Oili ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa, wavu unaziba kwa tope, na tabo inakufa kwa kiu huku kijiti kikionyesha oili imejaa. Watu hubadilisha tabo, wakaacha kichujio, na tabo mpya nayo ikafa.

Kinachogusa barabara

Nikiulizwa ni kitu gani kimoja kinabadilisha gari la spoti kuliko kingine, jibu langu ni tairi. Halina mlio, halipigwi picha, ndiyo maana huachwa la mwisho. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Gari likija na tairi zenye kashata nzuri zilizotengenezwa miaka kumi iliyopita, mpira umekuwa mgumu kama kandambili ya zamani. Kwenye mvua ya Machi nguvu zote 250 zinapotelea hapo. Na kwa Subaru kuna jambo la ziada. Magurudumu yote manne yanavuta, kwa hiyo ukifunga tairi mbili mpya na mbili zilizokwisha, mizunguko yake haifanani, na difu ya katikati inafanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka. Kampuni inataka mizingo ya tairi isipishane zaidi ya milimita sita hivi. Ndiyo kusema tairi za Subaru zinanunuliwa nne, na aliyekuuzia mbili za mtumba "kwa muda" amekuuzia na difu.

Breki: kabla ya kununua diski zenye matundu, badilisheni maji ya breki. Maji hayo hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi, lakini ikishanyonya unyevu kiwango chake kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Teremka kutoka Lushoto hadi Mombo na gari lenye maji ya miaka mitano, utaelewa tofauti ya namba hizo pale pedali itakapozama mpaka chini. Mapovu hayasukumi pistoni ya breki. Chupa ya DOT 4 na saa moja ya fundi msaidizi anayejua kukanyaga na kuachia kwa amri: sijui badiliko jingine la bei hiyo lenye faida hiyo.

Kuhusu springi nitakuwa mfupi, kwa kuwa najua sitasikilizwa. Impreza kama yangu ina shokapu zinazosimamisha gurudumu mbele na nyuma. Ukilishusha sana, mikono ya chini inaelekea juu, na gari linalala zaidi kwenye kona hata kama springi ni ngumu. Matuta yetu mnayajua. Badilisheni bushi zilizopasuka, mfunge shokapu nzima za urefu wa kiwandani, mpime alaimenti. Wengi mtagundua gari mlilokuwa mnalitafuta lilikuwa chini ya mpira uliokufa.

Sasa nguvu

Nifike mnapopangoja. Kitu cha kwanza kinachonunuliwa ni kichujio cha hewa cha koni, kwa kuwa ni rahisi, kinang'aa, na tabo inasikika ikivuta pumzi. Kwenye gari hili ndicho ninachokiogopa zaidi. Sensa ya hewa inahesabu hewa kwa jinsi inavyopoza waya mmoja mwembamba, na hesabu hiyo imepangwa kwa upana na umbo la bomba la kiwandani. Ukiweka bomba pana, hewa ileile inapita taratibu mbele ya waya. Kontroli boksi inaamini hewa ni kidogo, inatoa petroli kidogo, na injini inakaa na njaa ya mafuta wakati presha iko juu. Kokoto zinarudi. Vali ya kupumulia nje, ile ya "pshhh" inayopendwa na vijana wa bodaboda, ina kosa kama hilo lakini kinyume: hewa iliyokwisha kuhesabiwa inatupwa nje, petroli yake inabaki, gari linatoa moshi mweusi kila unapobadilisha gia. Mlio ni mtamu, nakubali.

Ekzosi kubwa, hasa kipande kinachotoka kwenye tabo, ndiyo inayozaa nguvu za kweli. Lakini ikiachwa bila kutyuni kontroli boksi, na mlango wa tabo wa kupunguza presha ukawa mdogo, presha inapanda yenyewe bila kukuuliza. Kwa hiyo ekzosi na kutyuni viwe kwenye fungu moja la fedha. Anayetyuni naye afanye kazi hapa kwenye mwinuko wetu na kwa petroli yenu ya kila siku, akitazama sensa ya mchanganyiko na kusikiliza kugonga, si kupakia faili alilotumiwa kwenye flashi. Mkiwa hamna fedha za vyote viwili, acheni ekzosi dukani.

Na kwa anayedhani nguvu ndiyo kila kitu: jina la Subaru kwetu Afrika Mashariki limekuzwa sana na Safari Rally. Colin McRae aliishinda 1997 na Richard Burns 2000, wote kwa Impreza. Mimi nakumbuka zaidi 1993, ambapo Patrick Njiru wa Kenya aliendesha Subaru Vivio, kigari cha sentimita za ujazo 660 tu, akamaliza wa 12. McRae alikuwa na Vivio kama hiyo mwaka huo, akaenda nayo mbio sana, hakumaliza.

Ndugu Mwenyekiti, naona chai imeletwa. Baada ya chai tutatoka uani. Mwenye Impreza ya buluu amekubali tufungue plagi zake zote nne tupime kompresheni kwa pamoja. Plagi za injini hii zimelala pembeni, karibu kabisa na chuma cha bodi, kwa hiyo itabidi tutoe betri na chupa ya maji ya waipa kwanza. Mwenye tochi na ekstensheni fupi aje navyo.