Hesabu Isomwe Mbele ya Watu



Tumeagizwa tunene juu ya kanisa na utawala wa nchi. Sisi tutanena juu ya daftari la hesabu.

Watu wa nchi hii, toka Iringa hata Mbeya, walijua baraza tangu zamani. Chifu Adam Sapi Mkwawa aliketi katika baraza la Wahehe, na mwaka 1962 akawa Spika wa Bunge. Mwaka 1963 uchifu ukaondolewa katika sheria. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya nazo zikavunjwa, zisirudi mpaka 1984. Katika miaka ile wengi walizoea kungoja amri itoke juu, na kungoja huko, twaona, hakujatutoka.

Mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa, nasi tukadhani ya kuwa kazi ni kupiga kura tu. Lakini sheria ya mwaka 1982 yasema ya kuwa kila mkaaji wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano wa kijiji, na mkutano huo ndio uwachaguao wajumbe wa halmashauri ya kijiji, na kuwaondoa.

Nasi tuungame. Katika sharika zetu mweka hazina husoma sadaka hadharani, hata mahindi na kuku walionadiwa, na mama mzee asiposikia kuku wake akitajwa, husimama. Mama huyo huyo, mkutano wa kijiji ukiitwa, hubaki akipalilia viazi, maana asema mambo ya serikali yana wenyewe. Sisi tuliomfundisha kusoma hatukumwambia neno.

Katika kijiji kimoja upande wa Mbeya watu walichanga fedha za zahanati, wakasomba mawe. Kuta zikafika madirishani, zikasimama. Hesabu haikusomwa miezi mingi. Tulikuwapo mikutanoni, tukanyamaza, tukiogopa kuitwa wapinzani. Wajawazito wangali wakiteremka bondeni kwa miguu.

Mwishowe mzee mmoja wa usharika alisimama, akavua kofia, akaomba daftari lisomwe. Lilisomwa nusu, jua likachwa. Mkutano ukaahirishwa hata Jumamosi ijayo, saa nne, chini ya mlingoti ule ule. Tutakwenda.