Ushirika na Nyasi za Amani



Neno "ushirika" twalitumia hata kwa vyama vya kuuzia mazao. Lakini mezani pa Bwana lina uzito mwingine. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kuwa wengine walishiba, na maskini wakabaki na njaa.

Yaliyotendeka Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, katika miaka ya 1960 yanalifafanua jambo hili. Padre Vincent Donovan, Mmarekani, aliandika mwaka 1978 ya kuwa kwa Wamasai nyasi mbichi ni ishara ya amani. Basi ilipokuwa Misa, nyasi zilipitishwa kutoka mkono hata mkono kijijini. Kama zilikataliwa kwa sababu ya ugomvi, hapakuwa na Ekaristi siku ile.

Wengine watasema ni ukali kuwanyima wote kwa hasira ya mmoja. Mimi naona ndivyo ilivyo Injili: aliye na neno na nduguye aiache sadaka mbele ya madhabahu, akapatane naye kwanza. Huku kwetu Karatu, kwa Waluteri na kwa Wakatoliki, wapo wasiosalimiana kwa ajili ya mpaka wa shamba, nao Jumapili huketi benchi moja. Nyasi zile zingekwama hapo.